Saa ngapi za mwanga? Ratiba nne za taa kwa tangi dogo la maji ya chumvi

Uliza taa iwake saa ngapi kwa siku na utapata majibu matatu: nane, kumi, au kumi na mbili kwa sababu ndivyo jua la tropiki liwakavyo. Wote waliokujibu wanaweza kuwa na matangi mazuri, na bado jibu lisikufae. Tumbawe halina habari na saa. Linachokihisi ni jumla ya mwanga ulioliangukia tangu taa ilipowaka mpaka ilipozimika, na baada ya hapo giza la kutosha.

Hapa nalinganisha ratiba nne ambazo mwenye tangi dogo, la lita 40 hadi 100 hivi, huwa anazifikiria: kuwasha na kuzima kwa taima moja, hatua mbili za buluu na nyeupe, kupanda na kushuka taratibu, na kuiga anga pamoja na mawingu na mwezi wake. Msimamo wangu nausema mapema. Kwa tangi la ukubwa huu, chagua ratiba fupi na nyepesi kuliko zote zinazoweza kuwatosha viumbe ulio nao, kisha iache mwezi mzima bila kuigusa. Maji machache hubadilika haraka, na ratiba inayochezewa kila wiki huongeza badiliko jingine juu ya yale ya joto, uchumvi na virutubisho ambayo tayari unapambana nayo.

Hesabu kabla ya ratiba

Mwanga unaofaa kwa usanisinuru hupimwa kwa maikromoli kwa kila mita ya mraba kwa kila sekunde, na wafugaji wa matumbawe huuita PAR. Chukua taa inayotoa PAR 100 pale tumbawe lilipo, ikawaka saa 8 bila kupanda wala kushuka. Zidisha 100 kwa sekunde 3,600 za kila saa, kisha kwa saa 8: unapata maikromoli 2,880,000, yaani moli 2.88 kwa siku.

Sasa chukua taa ya pili iliyopangiwa saa 10. Inapanda kwa saa 3 kutoka sifuri hadi 110, inakaa kileleni kwa saa 4, halafu inashuka kwa saa 3. Muda wa kupanda na wa kushuka hutoa nusu tu ya mwanga wa kileleni, kwa hiyo saa 6 hizo zina thamani ya saa 3. Jumla ni PAR 110 kwa saa 7, sawa na moli 2.77. Mwenye saa 10 anatoa mwanga pungufu kuliko mwenye saa 8, na kilele chake kimemzidi. Ndiyo maana ratiba ya mtu mwingine haina maana mpaka ujue nguvu ya taa yake na umbo la siku yake.

Wanaotetea saa 12 hutaja bahari. Ni kweli kwamba adhuhuri ya jua kali PAR juu ya maji ya tropiki hukaribia 2,000. Lakini tumbawe linaloishi mita 20 chini, au lililojibanza chini ya kivuli cha mwamba, hupata sehemu ndogo tu ya mwanga huo, na mengi tunayoyafuga kwenye matangi madogo ni ya jamii hiyo. Zaidi ya hapo, kila tumbawe lina kikomo chake. Vijimea vinavyoishi ndani ya nyama yake, vile vinavyolitengenezea sukari, hufika mahali vikashiba mwanga. Nishati inayozidi hapo haiwi chakula tena. Hugeuka joto na kemikali zinazodhuru seli, na ikizidi mno tumbawe huvitoa vijimea vyake na kubaki jeupe.

Kwenye tangi dogo hatari ya kuzidisha iko karibu kuliko ya kupunguza. Kina cha maji ni sentimita 30 au pungufu, taa inaning'inia karibu, na taa nyingi za LED zinazouzwa leo zimetengenezwa zimudu matangi yenye kina kikubwa zaidi. Kwa matumbawe laini kama yale yaitwayo uyoga na zoa, PAR 50 hadi 120 inatosha. Matumbawe magumu yenye polipi kubwa (polipi ni kile kiumbe kimoja kimoja chenye mdomo na minyiri kinacholiunda tumbawe) hukaa vizuri kwenye 80 hadi 150. Yale magumu yenye polipi ndogo, jamii ya Acropora, ndiyo yanayotaka 200 na kuendelea, na hayo si ya kuanzia.

Kama huna kipimo cha PAR, usijaribu kukibadilisha na kile cha simu. Simu hupima mwanga kwa namna jicho la binadamu linavyouona, na jicho letu lina udhaifu mkubwa kwenye buluu. Taa ya buluu inaweza kuonekana hafifu kwenye simu huku ikilipiga tumbawe kwa nguvu. Bora uanze na asilimia 30 au 40 ya nguvu ya taa, kisha usome matumbawe yenyewe. Namna ya kuyasoma naifikia mbele.

Kuwasha na kuzima kwa taima moja

Hii ndiyo ratiba ya taa zisizo na akili yoyote ndani yake. Unachomeka taima ukutani, unaipangia saa 7 mchana hadi saa 3 usiku (kwenye taima nyingi utaweka 13:00 na 21:00), na kazi imekwisha. Jumla ya mwanga unaijua kwa hesabu ya mstari mmoja. Haina programu ya simu wala mtandao wa kukatika. Kwa tangi la samaki tu, bila matumbawe, sioni sababu ya kutafuta kingine: samaki hawali mwanga, na kila saa ya ziada unayoiwasha kwenye tangi lisilo na tumbawe inawafaa wawili tu, macho yako na mwani.

Kasoro yake ni mshtuko. Samaki wa mchana huhitaji muda wa kurejea kwenye tundu lake kabla ya giza. Taa ikizimika ghafla, gobi, samaki mdogo wa chini, aliyekuwa katikati ya tangi anabaki akipapasa, na samaki waoga wanaweza kuruka nje kama tangi halina kifuniko. Asubuhi ni hivyo hivyo. Baadhi ya samaki jamii ya wrasi hulala ndani ya utando wa ute wanaoutengeneza usiku, na mwanga mkali unaowaka kwa mpigo huwakuta bado wamo ndani.

Dawa yake ni nyepesi: washa taa ya chumba nusu saa kabla ya taa ya tangi kuwaka, na iache iendelee kuwaka nusu saa baada ya taa ya tangi kuzimika. Ukiweza kulishika hilo kila siku, ratiba hii haina aibu yoyote mbele ya zile ghali. Wengi hawawezi, na hapo ndipo ratiba ya pili inapoanza kuwa na maana.

Hatua mbili: buluu kwanza, nyeupe baadaye

Taa nyingi za bei ya kati zina nyaya mbili au swichi mbili, moja ya LED za buluu na nyingine za nyeupe. Unaweka taima mbili. Buluu inawaka kwanza, nyeupe inaifuata baada ya saa moja, nyeupe inazimika kwanza, buluu inafunga siku. Samaki wanapata onyo, na wewe unapata jioni ya kupendeza, kwa kuwa chini ya buluu matumbawe mengi hung'aa kijani na machungwa ambayo mwanga mweupe huyafunika.

Ni ratiba nzuri, ila ina mtego ambao sijaona ukielezwa vya kutosha. Buluu si jioni. Kwa macho yetu chumba kimeingia magharibi, lakini mawimbi ya mwanga ya nanomita 420 hadi 460 ndiyo hasa yale ambayo vijimea vya ndani ya tumbawe hunyonya kwa ufanisi mkubwa. Maji ya bahari humeza mwanga mwekundu katika mita chache za juu na kuiachia buluu iende chini, na matumbawe yamezoea kuishi kwa buluu hiyo. Mtu anayewasha nyeupe kwa saa 6 na buluu ya nguvu zote kwa saa 14, akijisemea kwamba taa yake huwaka saa 6, kwa kweli analiweka tumbawe mchana kwa saa 14. Halafu hushangaa mwani unatoka wapi na kwa nini uyoga wake unasinyaa.

Kwa hiyo kama unachagua ratiba hii, hesabu saa za buluu kuwa saa za mchana. Buluu saa 9 kwa jumla, nyeupe saa 6 au 7 katikati yake, inatosha kabisa kwa matumbawe laini. Kama buluu ya taa yako haiwezi kupunguzwa nguvu, fupisha pande zote mbili zibaki nusu saa nusu saa.

Na kati ya buluu nyingi na nyeupe nyingi, lipi bora? Kwa ukuaji, tangi linaweza kustawi kwenye mchanganyiko wowote ulioegemea buluu. Nyeupe ni kwa ajili yako zaidi: inakuonyesha rangi halisi ya samaki, na inafichua ugonjwa na mwani unaojificha chini ya buluu. Mimi ningeiacha nyeupe iwepo kila siku kwa saa kadhaa kwa sababu hiyo ya pili pekee. Madoa meupe ya ugonjwa kwenye ngozi ya samaki ni rahisi sana kuyakosa katika tangi lililozama kwenye buluu kutwa.

Kupanda na kushuka taratibu

Hapa taa yenyewe ina kidhibiti. Unaipa saa ya kuanza, saa ya kilele na saa ya kumaliza, nayo inainua nguvu kidogo kidogo. Hii ndiyo ninayoipendekeza kwa yeyote mwenye tumbawe hata moja, kama taa yake inaruhusu.

Sababu ya kwanza ni samaki, kama nilivyokwisha kueleza. Sababu ya pili ni matumbawe yenyewe. Keti mbele ya tangi dakika za mwanzo za kupanda. Zoa zimejifunga, vichwa vyao vidogo vimebanwa kama vifungo vya shati. Mwanga ukifika asilimia chache, ukingo wa kimoja unalegea, kisha cha jirani yake, na safu inafunguka kuanzia upande unaoangaliwa na taa kuelekea kwenye kivuli. Tumbawe lenye minyiri mirefu, jamii ya Euphyllia, linajaza maji taratibu mpaka nyama inafunika mifupa yote. Chini ya taa ya kuwaka kwa mpigo utaona yale yale yakitokea, ila baadhi ya polipi hujikunja kwanza kwa mshtuko ndipo zianze.

Sababu ya tatu ni ya kiutendaji: kilele ni namba moja unayoweza kuipandisha au kuishusha bila kugusa saa. Ukitaka kuongeza mwanga kwa sehemu ya kumi, unapandisha kilele kwa sehemu ya kumi na siku inabaki na umbo lile lile. Kwa taima huna uwezo huo. Utaongeza saa, na kuongeza saa hula usiku wa viumbe wako.

Mpango ambao ningemwekea mtu mwenye matumbawe laini na samaki wawili watatu, anayekuwa nyumbani jioni: kupanda kuanzia saa 6 mchana, kilele saa 8 mchana, kilele kibaki mpaka saa 1 jioni, kushuka mpaka saa 3 usiku. Saa 2 za kupanda, 5 za kileleni, 2 za kushuka. Thamani yake ni saa 7 kamili za kileleni. Kilele kikiwa PAR 90, siku nzima ni karibu moli 2.3. Ni kidogo. Kidogo hicho kinakuachia nafasi ya kupanda, na kupanda ni salama kuliko kushuka baada ya tumbawe kuungua.

Hasara ya ratiba hii ipo kwenye kidhibiti. Kuna taa zinazohifadhi ratiba ndani yake na kuna zinazotegemea simu au mtandao kuikumbuka. Hizi za pili, umeme ukikatika na kurudi, zinaweza kuamka na saa isiyo sahihi au kuwaka kwa nguvu zote. Kabla ya kununua, uliza swali hilo kwanza, kisha ndipo uulize rangi na idadi ya LED.

Kuiga anga

Ratiba ya nne huongeza mawingu yanayopita, radi, majira ya mwaka na mwezi unaokua na kufifia. Inavutia, na naelewa kwa nini mtu anaipenda. Kwenye tangi dogo haileti faida inayolingana na mkanganyiko wake.

Chukua mawingu. Baharini wingu hupunguza mwanga mkali uliokuwa umezidi kikomo, na tumbawe huenda likapumzika. Ndani ya tangi lako hakuna uliozidi, kama umepanga vizuri. Unachopata ni jumla ya mwanga isiyojulikana kila siku, na ukiona tumbawe limefifia hutajua kama ni taa au maji. Radi sina la kusema juu yake isipokuwa kwamba samaki hukimbilia mashimoni.

Majira nayo ni hivyo hivyo. Karibu na ikweta urefu wa mchana haubadiliki ila kwa dakika chache mwaka mzima. Kwenye latitudo ya 20, siku ndefu kuliko zote huizidi fupi kuliko zote kwa saa mbili na nusu hivi. Matumbawe huishi pote huko. Hayakosi kitu kwa kupewa siku zinazofanana.

Mwezi ni habari nyingine, na unastahili heshima. Kwenye Great Barrier Reef, miamba ya matumbawe ya Australia, matumbawe ya aina nyingi hutoa mayai na mbegu kwa pamoja katika siku chache baada ya mwezi mpevu, mwishoni mwa mwaka. Mwaka 2007 watafiti waliandika kwamba tumbawe Acropora millepora lina jeni za protini zinazohisi mwanga, na kwamba mojawapo huitikia tofauti usiku wa mwezi mpevu na usiku wa mwezi mwandamo. Kiumbe kisicho na macho kinaujua mwezi uko wapi. Lakini mwezi mpevu hutoa chini ya luksi moja (luksi ni kipimo cha mwanga kama jicho linavyouona), na taa nyingi zinazoitwa za mwezi hutoa mara nyingi zaidi ya hapo. Zikiachwa usiku kucha si mwezi tena, ni machweo yasiyokwisha. Kama unapenda kutazama tangi usiku, ipe taa hiyo saa moja au mbili kwa nguvu ndogo kabisa, kisha ifuate giza tupu.

Giza lenyewe lina kazi. Usiku ndipo kopepodi, vidudu vidogo vya jamii ya kamba, na nyota-bahari wembamba hutoka kula, na polipi nyingi hunyoosha minyiri kunasa chakula. Tumbawe la jua, Tubastraea, ambalo halina vijimea ndani yake, hungoja giza ili lifunguke.

Nimeulizwa pia kuhusu kuugawa mchana: taa saa 4, kuzima saa 3, kuwasha tena saa 4, ili mwenye kazi aione asubuhi na jioni. Mbinu hiyo ilitoka kwa wafugaji wa mimea ya maji baridi, wanaotaka kabonidioksaidi ijirudi mchana. Maji ya chumvi yana hazina kubwa ya bikaboneti, kwa hiyo sababu hiyo haipo. Kinachobaki ni samaki kulazwa na kuamshwa mara mbili, na pH, kipimo cha uasidi wa maji, kupanda na kushuka mara mbili kwa siku moja. Siipendekezi kwa matumbawe. Sogeza mchana wote uelekee jioni badala yake. Tangi halijali kama adhuhuri yake iko saa 10 alasiri, mradi iwe hapo kila siku.

Vinavyobadilisha uamuzi

Dirisha. Jua likiligusa tangi kwa saa moja asubuhi, saa hiyo imo kwenye hesabu, na ina nguvu kuliko taa. Ziba upande huo au sogeza tangi. Hakuna ratiba inayoweza kushindana na jua linalohama kila mwezi.

Joto. Taa iliyo karibu na maji machache hupandisha joto na kukausha maji, na maji yakikauka chumvi hubaki, uchumvi unapanda. Ikiwa kipimajoto kinasoma nyuzi 25 asubuhi na 28 jioni, taa inaweza kuwa sehemu ya tatizo: inua taa, punguza kilele, au sogeza mchana uelekee usiku ambapo chumba kina ubaridi.

pH hushuka usiku kwa sababu viumbe wote wanapumua na hakuna usanisinuru, ikafika chini kabisa muda mfupi kabla ya taa kuwaka, kisha hupanda hadi mwisho wa mchana. Mwenye sehemu ya pembeni ya kuoteshea mwani hupunguza mteremko huo kwa kuwasha taa ya huko usiku, taa kuu ikiwa imezimwa. Asiye nayo apime pH saa ile ile kila siku, la sivyo atakuwa analinganisha asubuhi na jioni akidhani analinganisha wiki na wiki.

Tangi jipya halihitaji ratiba bado. Wakati bakteria wa mzunguko wa naitrojeni wanajijenga, wiki 4 hadi 6 kwa kawaida, zima taa. Hakuna wa kuitumia isipokuwa mwani. Viumbe wa kwanza wakiingia, anza na saa 5 au 6 za thamani ya kileleni, ongeza nusu saa kwa wiki. Utando wa kahawia wa dayatomu, mwani mdogo sana, utakuja hata hivyo, na utaondoka wenyewe. Usiukimbize kwa kubadili taa.

Kuhusu mwani kwa jumla: kufupisha mchana huupunguzia kasi, hakuuondoi. Chakula chake ni naitreti na fosfeti. Anayekata taa kutoka saa 9 hadi 4 huku analisha samaki kupita kiasi atawanyima matumbawe chakula na mwani utamsubiri.

Kuyasoma matumbawe

Ratiba ikishawekwa, wape viumbe wiki 2 hadi 4 kabla ya kuihukumu. Ndiyo muda ambao tumbawe huhitaji kurekebisha idadi ya vijimea na rangi zake za kujikinga.

Mwanga ukiwa pungufu, tumbawe hugeuka kahawia kwa kuwa linajaza vijimea vingi linase kila kidogo kinachokuja. Zoa hurefusha shingo. Uyoga huinuka kutoka kwenye jiwe na kujipanua ukielekea juu. Mwanga ukizidi, rangi hufifia kuanzia juu, pale panapotazama taa. Uyoga husinyaa na kujilaza ubapa kwenye jiwe, Euphyllia haijazi maji hata mchana wa kati. Tazama sehemu ya juu na ile ya kivulini ya tumbawe moja: kama kivulini ni pazuri na juu pamefifia, jibu unalo, na halihitaji kipimo.

Tahadhari moja kwa matumbawe ya ngozi, Sarcophyton na jamaa zake. Mara kwa mara hujifunga siku kadhaa, hung'aa kama yamepakwa nta, kisha huvua utando mwembamba na kufunguka upya. Hayalalamikii taa. Ukishusha mwanga wakati huo utakuwa unatibu kisicho ugonjwa.

Nani achukue ipi

Samaki tu, au samaki na kamba na konokono: taima moja, saa 6 hadi 8, na taa ya chumba kando kando yake.

Matumbawe laini na taa ya swichi mbili: hatua mbili, buluu isizidi saa 9.

Matumbawe laini au magumu yenye polipi kubwa, na taa yenye kidhibiti: kupanda na kushuka, thamani ya saa 7 au 8 za kileleni, bila mawingu. Kama taa yako inatoa hali ya kuzoeza, ile inayopandisha nguvu yenyewe kwa wiki kadhaa, itumie kila tumbawe jipya linapoingia. Kama haina, weka tumbawe jipya mchangani kwenye kona ya kivuli, ulipandishe juu hatua kwa hatua.

Acropora kwenye lita 60 ni kazi ya mtu ambaye maji yake yametulia kwa muda mrefu. Huyo atahitaji ratiba ya tatu na kipimo cha PAR cha kweli, na hata yeye apandishe kilele kabla ya kuongeza saa.

Ukihama kutoka ratiba moja kwenda nyingine, usihame kwa usiku mmoja. Weka ratiba mpya ikiwa na kilele kinachotoa theluthi mbili ya jumla ya mwanga uliyokuwa unatoa kwa siku, ukipandishe asilimia 5 kwa wiki. Futa kioo cha taa kwanza, kwani chumvi iliyorukia na kukauka pale huzuia mwanga, na ukiifuta katikati ya kupandisha utakuwa umepandisha mara mbili bila kujua.

Mwisho, chomoa plagi. Iache dakika 10, irudishe, halafu angalia taa imeamka ikidhani ni saa ngapi. Taima ya kuzungusha kwa mkono itakuwa imechelewa dakika 10 zile zile, na itaendelea kuchelewa kwa kila umeme unapokatika mpaka mchana wa tangi uwe umehamia usiku. Kwa hiyo nunua ya kidijitali yenye betri ndani. Taa yenye kidhibiti chake usiipitishe kwenye taima kabisa. Ichomeke moja kwa moja ukutani, iwe na umeme muda wote, iwashe na kuzima yenyewe.